Kutuliza Mawazo kwa Mazoezi: Faida Inayodumu Miaka, Kuanzia Likoni hadi Kisauni

Ukimjulia hali mtu kwenye umati unaosubiri feri Likoni, Mombasa, alfajiri, mara nyingi jibu ni lile lile: "Niko, ndugu yangu. Mawazo tu." Hakuna anayeshangaa. Kodi ya mwezi haijapatikana, mtoto amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, na kazi ya mizigo imekuwa ya kubahatisha tangu reli mpya ianze kubeba makontena mwanzoni mwa 2018. Wengine wamebeba ya zamani zaidi. Kuna nyumba Mtongwe ambazo hadi leo zina pengo la feri iliyozama tarehe 29 Aprili 1994 na kuua watu 272. Kuna waliokimbia Likoni katika ghasia za Agosti 1997, wakarudi, ila usingizi haukurudi nao. Na kuna mitaa ya Kisauni ambako mama hafumbi jicho mpaka asikie mwanawe ameingia na kutia komeo, kwa hofu ya magenge ya mapanga.

Makala haya yanahusu mazoezi ya akili ambayo hayatalipa kodi wala kumrudisha aliyekufa maji. Kazi yake ni kupunguza ugonjwa unaozaliwa na mawazo hayo, na kwa wanaoyashika, faida huendelea muda mrefu baada ya mafunzo kwisha. Huitwa mazoezi ya umakinifu: kuweka akili hapa ulipo, kwa makusudi, na kuyatazama yanayopita moyoni bila kuyafukuza na bila kuyafuata.

Mfano mmoja utaonyesha maana yake. Simu inalia. Kwenye kioo ni jina la mwenye nyumba. Kifua kinabana kabla hujapokea. Ikikatika, akili haijakatika nayo: atakuja na watu wake, atatoa vitu nje, majirani watatazama, nitamweleza nini mama watoto, atarudi kwao na watoto. Zimepita dakika mbili. Mapigo ya moyo yamekwenda mbio kana kwamba vitu viko nje tayari, ilhali kilichotokea ni simu kulia. Kesho mnyororo huo huo unaanza tena, safari hii bila hata simu. Ukiendelea hivyo miezi, usingizi hukatika, shinikizo la damu hupanda, mtu huwa mkali kwa watoto, na wengine huangukia dipresheni, yaani ile huzuni nzito isiyoondoka inayomwondolea mtu hamu ya kula, ya kazi na ya watu.

Aliyezoea umakinifu pia hubanwa kifua. Tofauti ni kwamba huugundua mnyororo ukiwa kwenye pete ya pili au ya tatu. Hujiambia, "Hili ni wazo, halijatokea." Huhisi miguu yake chini, huvuta pumzi, kisha humpigia mwenye nyumba na kuomba wiki moja. Kodi bado anadaiwa, lakini usiku atalala, na asubuhi atakuwa na kichwa cha kuitafuta.

Mafunzo haya kwa sura yake ya kitabibu yalianza 1979, pale Jon Kabat-Zinn alipofungua kliniki katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa wa maumivu sugu ambao dawa hazikuwa zikiwamalizia shida. Yalikuwa ya wiki nane: kikao kimoja kila wiki, na mazoezi ya kila siku nyumbani. Mpango huo wa wiki nane ndio uliochunguzwa zaidi hadi leo, kwa hiyo ukisikia mtu anaahidi kukuponya kwa kikao kimoja cha hotelini, shika pesa zako.

Swali la msingi ni nini kinabaki baada ya wiki hizo. Watafiti Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale waliyaelekeza mazoezi kwa watu waliowahi kuugua dipresheni wakapata nafuu, kwa sababu ugonjwa huu una tabia ya kurudi, na kila unaporudi huacha mlango wazi zaidi. Mwaka 2000 walitoa matokeo ya watu 145 waliofuatiliwa zaidi ya mwaka mmoja. Miongoni mwa walioshikwa na ugonjwa huo mara tatu au zaidi, waliopata matibabu ya kawaida peke yake waliugua tena kwa asilimia 66. Walioongezewa mafunzo, asilimia 37. Walioshikwa mara mbili tu hawakuonyesha faida hiyo, na maelezo ya watafiti yanaeleweka: kwa aliyeugua mara nyingi, ugonjwa hauhitaji tena msiba mkubwa ili urudi. Huzuni ndogo ya jioni moja inatosha kuamsha yale mawazo ya zamani, "mimi si kitu, mambo yangu hayatengenei", na hapo ndipo mtu aliyefunzwa huwahi kuyatambua.

Uchunguzi mwingine wa Uingereza, uliochapishwa 2015, uliwafuata watu 424 kwa miaka miwili. Nusu waliendelea na dawa za dipresheni, nusu walipata mafunzo huku daktari akiwasaidia kupunguza dawa taratibu. Walioangukia ugonjwa tena walikuwa asilimia 47 upande wa dawa na 44 upande wa mafunzo, karibu sawa. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani waliwalinganisha watu wazima 276 wenye ugonjwa wa wasiwasi, kundi moja likipata mafunzo ya wiki nane na jingine dawa ya escitalopram, na mafunzo hayakuwa nyuma ya dawa. Naomba habari hii isieleweke vibaya: hakuna aliyeambiwa atupe vidonge vyake. Anayetumia dawa aendelee, na akitaka kupunguza azungumze kwanza na daktari wake, kwa kuwa kuacha ghafla huleta madhara.

Utafiti ninaouona wa maana kuliko yote kwetu ni wa Norwei. Wanafunzi 288 wa udaktari na wa saikolojia waligawanywa, baadhi wakapewa mafunzo ya wiki saba na wengine wasipewe, kisha wakafuatiliwa miaka sita. Wengi wa waliofunzwa hawakuwa tena wakikaa rasmi kufanya mazoezi kila siku. Hata hivyo, walikuwa na hali njema ya moyo kuliko wenzao. Kilichobaki kwao kilikuwa namna ya kuikabili shida: walizoea kuitazama na kuishughulikia, wakapunguza kuikwepa.

Kukwepa ndiko kunakotumaliza. Kijana wa Bamburi aliyekosa kazi anatafuna muguka mchana kutwa ili saa zipite. Mwenzake wa Likoni anavuta unga, yaani heroini, ili asihisi lolote. Mama wa Changamwe anakesha na simu, video baada ya video, kwa sababu akiizima tu, deni la chama linamjia. Baba anachelewa kurudi nyumbani ili asiulizwe. Kila mmoja amepata nafuu ya saa chache, na shida yenyewe iko pale pale ikiongezeka. Mei 2024 serikali ya kaunti ilijaribu kuipiga marufuku muguka Mombasa na suala likaishia mahakamani. Lakini hata sheria ikisimama, mtu bado atabaki na lile alilokuwa akilikimbia, na anahitaji njia ya kukaa nalo bila kuangamia.

Haki inanitaka niseme pia pale mazoezi yaliposhindwa. Uingereza waliyapeleka shuleni kwa zaidi ya wanafunzi 8,000, na matokeo ya 2022 yalionyesha kwamba hayakuwasaidia kuliko masomo ya kawaida ya stadi za maisha. Wengi wa watoto hao hawakuyafanya nyumbani. Walimu wanaofikiria kuyaingiza kwa lazima kwenye gwaride la asubuhi wayazingatie hayo. Mazoezi haya humfaa anayeyataka na kuyarudia.

Je, yanawafaa watu wasio na daktari, wasio na chumba cha peke yao, wasiojua kusoma? Jibu liko jirani zetu Uganda. Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, magharibi mwa Nile, Shirika la Afya Duniani liliwajaribia wanawake 694 kutoka Sudan Kusini mpango wake wa kujisaidia wakati wa dhiki. Hawakuletewa madaktari wa akili. Wanawake walikaa kwa makundi kwa vikao vitano vya saa mbili, wakasikiliza maelezo yaliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, wakiwa na kijitabu cha picha mkononi, na wasimamizi walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi. Walifunzwa kujituliza kwa kuhisi miguu ardhini na pumzi mwilini, kulitambua wazo zito na kuliita kwa jina lake, kisha kurudi kwenye kazi iliyo mbele yao. Matokeo yalichapishwa 2020: miezi mitatu baada ya vikao, dhiki ya moyo ilikuwa pungufu kwao kuliko kwa wenzao ambao hawakuhudhuria, ingawa tofauti hiyo ilikuwa imepungua ukilinganisha na mara tu baada ya mafunzo. Hao ni wanawake waliokimbia vita. Kilichowezekana chini ya mti wa Rhino Camp kinawezekana kwenye ukumbi wa Mtongwe.

Basi unaanzaje?

Chagua kitu unachofanya kila siku bila kukosa, ukiunganishe nacho zoezi: baada ya swala ya alfajiri ukiwa bado kwenye msala, baada ya kuwapeleka watoto shule, au kabla ya kuwasha tuktuk. Usitegemee "nitapata nafasi", maana nafasi hiyo haiji.

Kaa kitako, kwenye kiti, mkeka au ngazi ya mlango. Nyayo zote mbili zikanyage chini kama umekaa kwenye kiti. Weka simu kimya, kengele yake tu iite baada ya dakika kumi. Kwa wiki ya kwanza hata tano zinatosha. Fumba macho au yaelekeze sakafuni. Usivute pumzi kwa nguvu wala usiihesabu kwa ustadi wowote. Iache iingie na kutoka yenyewe, nawe uifuatilie mahali pamoja tu: puani inapopita ikiwa baridi na kutoka ikiwa na joto, au tumboni panapopanda na kushuka.

Haitapita nusu dakika kabla akili haijatoroka. Utajikuta uko Kongowea unapiga hesabu ya nyanya, au unajibizana na shemeji kwa maneno ambayo hukuyasema juzi. Hapo wengi hukata tamaa wakidhani wameshindwa. Kumbe hapo ndipo zoezi lilipo. Akili ni kama mbuzi aliyekata kamba akaingia shamba la jirani: ukimpiga atakimbia mbali zaidi, kwa hiyo unamfuata taratibu, unaishika kamba, unamrudisha. Ukimrudisha mara thelathini ndani ya dakika kumi, umefanya mazoezi thelathini. Usijilaumu, na usitafute kichwa kitupu, kwani hakuna mwenye kichwa kitupu.

Kelele nazo? Anayeishi Changamwe anajua malori hayalali, na ndege inayokaribia kutua uwanja wa Moi hupita juu ya Port Reitz kana kwamba itagusa mabati. Usingoje kimya ambacho hakitakuja. Zichukue sauti zenyewe zikae mahali pa pumzi. Sikiliza lori linapokuja, linapofika, linapopotea. Kisha pikipiki, mtoto wa jirani, muziki wa kinyozi. Sikiliza kama mtu asiye na ugomvi nazo.

Usiku, usingizi unapokataa na joto limejaa ndani ya chandarua, lala chali uutembelee mwili wako kwa akili: vidole vya miguu, nyayo, vifundo, magoti, mapaja, na kuendelea hadi paji la uso. Kila mahali kaa kwa pumzi chache, uhisi kilichopo, joto au ganzi au maumivu, kisha uende mbele. Ukilala njiani, hakuna ubaya.

Na kwa ile simu ya mwenye nyumba kuna zoezi fupi la dakika tatu. Kwanza jiulize, "Ninahisi nini sasa?" na ujibu kwa ukweli: hofu, hasira, kifua kizito. Kisha irudishe akili kwenye pumzi. Mwisho upanue uangalizi wako mwili mzima, mabega, tumbo, miguu iliyokanyaga chini. Baada ya hapo ndipo upige simu, au ujibu ule ujumbe, au uingie ndani kuzungumza na mtoto.

Kazi za mikono nazo ni uwanja wa mazoezi kwa asiyepata hata dakika tano. Ukisukuma chapati, sukuma chapati: uhisi unga unavyolainika, usikie mafuta yanavyoanza kulia, uone upande wa kwanza unavyopata madoa. Ukiosha vyombo, au ukitawadha, yahisi maji. Kwenye feri fanya macho yakiwa wazi na mkoba mbele yako, ukifuatilia nyayo zako unapoteremka na kupanda. Anayeendesha bodaboda asijaribu kufuatilia pumzi barabarani. Umakini wake wote ni wa barabara.

Fanya kwa wiki nane kabla hujatoa hukumu. Wiki za mwanzo wengine huhisi mawazo yameongezeka. Hayajaongezeka, ila sasa unayaona. Ukikosa siku mbili, anza ya tatu bila kulipa deni. Baada ya wiki nane, dakika kumi kwa siku, au mara nne kwa wiki, zinaweza kutosha kuishikilia hali, mradi uliongeze zoezi unapoona dalili zako mwenyewe zinarudi: usingizi kukatika saa tisa usiku, kutopokea simu za watu, chakula kukosa ladha. Ziandike dalili hizo mapema na umwonyeshe mtu unayemwamini nyumbani.

Na usifanye peke yako ukiweza. Chama kinachokutana kila Jumapili kinaweza kutenga dakika kumi kabla ya kuhesabu pesa. Wapanda boda wanaweza kukaa pamoja kwenye steji yao kabla ya kazi kuanza. Kinachowavunja wengi ni kuona aibu ya kukaa kimya mbele ya watu, na aibu hiyo huisha mkiwa wengi.

Najua kuna swali la dini, nalo ni la haki. Kabat-Zinn aliyatoa mazoezi yake kwenye taamuli za Kibudha, akaacha ibada na kubakisha uangalizi wa pumzi, mwili na mawazo. Katika mpango wa hospitali hakuna sala, sanamu wala maneno ya kurudia. Hayachukui nafasi ya swala, dhikri au maombi, na asiyeridhika bado amuulize sheikh au mchungaji wake akiwa amemweleza hasa kinachofanyika. Wapo waumini wanaoona kwamba mtu aliyezoea kuirudisha akili yake hupata hudhurio zaidi anaposimama kuswali.

Si kila mtu anapaswa kuanza peke yake. Anayesikia sauti wasizozisikia wengine, au aliyewahi kuchanganyikiwa akalazwa, amwone mhudumu wa afya kwanza. Aliyeshuhudia mauaji, aliyebakwa au aliyeokolewa majini anaweza kufumba macho na kujikuta amerudi palepale. Ikikutokea, fumbua macho, kanyaga chini kwa nguvu, vitaje kwa sauti vitu vitano unavyoviona, na usiendelee siku hiyo. Zoezi hilo linamhitaji mshauri aliye kando yako.

Kwa aliye kwenye unga au pombe, mazoezi yana nafasi baada ya matibabu, si badala yake. Uchunguzi wa Marekani wa 2014 kwa watu 286 waliomaliza matibabu ya uraibu ulionyesha kwamba mwaka mmoja baadaye, waliofunzwa umakinifu walikuwa na siku chache zaidi za kutumia dawa za kulevya kuliko wenzao. Hujifunza kwamba hamu kali hupanda, hufika kileleni na kushuka, hata usipoitii. Lakini anayeanza safari hiyo Kisauni aanzie kliniki ya methadoni, na familia inayotafuta pa kuanzia ipige 1192, laini ya bure ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya.

Wala mtu asitumie mazoezi haya kuwafundisha wanyonge uvumilivu. Mke anayepigwa hahitaji kutulizwa ili apigwe vizuri. Anahitaji kupiga 1195, laini ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili wa kijinsia, na kuondoka salama. Kibarua anayedhulumiwa mshahara ana haki ya kudai. Akili iliyotulia humsaidia kudai vyema zaidi.

Ukiwa na huzuni au wasiwasi uliodumu zaidi ya wiki mbili, kiasi cha kukuzuia kufanya kazi au kulala, nenda kituo cha afya kilicho karibu au umweleze mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako. Hospitali ya Port Reitz, Changamwe, ina kitengo cha afya ya akili kilichohudumia watu wa Pwani kwa miaka mingi. Kisiwani kuna Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani.

Na kama mawazo yamefika mahali pa kutaka kufa, usianze na zoezi lolote. Mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, au piga 1199, laini ya Msalaba Mwekundu isiyotozwa pesa. Usiogope polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kilichokuwa kikimfunga aliyejaribu kujiua, kinakiuka Katiba.